Kijito cha Kamatanda hakipimwi kwa macho

Kamatanda, pembezoni mwa mji wa Likasi katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wachimbaji wadogo hutafuta shaba na kobalti, na madini yakishatolewa shimoni huoshwa. Kuosha kunataka maji mengi. Udongo unaobaki huchukuliwa na mkondo hadi kwa watu wanaofua, wanaooga na wanaomwagilia mboga za lengalenga.

Wengi huamini maji yakiwa meupe ni salama. Kwa metali, imani hiyo ni ya hatari. Miamba ya shaba ya Katanga ina dolomaiti nyingi, na dolomaiti hupunguza makali ya asidi. Maji hubaki na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, karibu na 7, metali nyingi zikajitenga nayo na kutulia kwenye matope. Juu kunang'aa, chini kuna shaba na kobalti. Mvua kubwa zikianza, matope huvurugika na mzigo ule husafiri kuelekea mto Lufira. Asidi ikimwagika, mambo hugeuka: pH ikishuka kutoka 7 hadi 4, ukali umeongezeka mara 1,000, na metali huyeyuka.

Kwa hiyo chupa moja ya maji haitoshi. Mpimaji makini huchota mkondoni juu ya machimbo, machimboni penyewe na chini yake, kiangazi na masika, na huchukua matope pia. Sampuli ya metali huchujwa, kisha hutiwa matone ya asidi ya nitriki. Bila matone hayo metali hunata kwenye kuta za chupa, na maabara itasoma kiasi kidogo kuliko kilichomo mtoni. Uzembe mdogo kama huo unaweza kuwapa wakazi cheti cha usalama cha uongo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa, na miligramu 0.03 za urani. Urani ni ya kupimwa hapa, kwani mgodi wa zamani wa urani wa Shinkolobwe hauko mbali. Kobalti haijawekewa kikomo na shirika hilo, na mtu asidhani maana yake haina madhara. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo kutoka kusini mwa Katanga: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, hasa watoto.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua sufuriani, zilizomo huzidi kukolea. Ni afadhali kuchota juu ya machimbo, au maji ya bomba yanapopatikana, na kuosha mboga kwa maji hayo ili matope yatoke.

Matokeo ya vipimo yasiishie kwenye ripoti ya Kifaransa ofisini. Yatangazwe kwa Kiswahili pale pale watu wanapochotea, kila baada ya vipimo: hapa panafaa kunywa, pale panafaa kufua tu, na kule watoto wasiingie.