Sikio ndilo kipimo cha kuchagua maikrofoni ya kurekodi msitu

Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huanza kusikika kabla haujaonekana. Mbega hunguruma juu ya miti, hondohondo hupaza sauti, na wadudu hujaza nafasi iliyobaki. Hata hivyo, anayeirekodi alfajiri hiyo kwa simu ya mkononi aghalabu huambulia mvumo mtupu.

Simu imeundwa kunasa maneno ya msemaji aliye karibu, na programu zake hufifisha sauti nyingine kwa kuzihesabu kuwa kelele. Kwa anayerekodi mandhari ya sauti, yaani sauti zote za mahali kwa pamoja, kelele hizo ndizo anazozitafuta.

Ubongo huchuja, maikrofoni haichuji

Mtu akiwa msituni, ubongo wake husahau upepo na kumfuata ndege mmoja. Maikrofoni haina uwezo huo, na zaidi ya hayo ina mvumo wake yenyewe, unaotokana na umeme wa ndani. Sikio changa husikia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini ni kali zaidi kati ya 2,000 na 5,000, eneo ambalo ndege na wadudu wengi huimba. Mvumo wa maikrofoni ukiingia hapo, huudhi na kufunika sauti nyembamba.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kuangalia ni kipimo cha mvumo huo, ambacho huandikwa kwa desibeli. Maikrofoni yenye desibeli 14 au chini ya hapo hufaa mahali patulivu, na zipo ndogo za bei nafuu zinazofikia kiwango hicho. Iliyozidi 25 hufaa zaidi mazungumzo ya karibu.

Kwa nini ziwe mbili

Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia kwanza, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, nacho kichwa hulikinga sikio la pili. Kwa ishara hizo ubongo hutambua mahali sauti ilipotoka. Ndiyo maana baadhi ya warekodi hufunga maikrofoni mbili pande mbili za shina jembamba la mti, shina likichukua nafasi ya kichwa. Kila moja huvikwa kifuniko chenye manyoya dhidi ya upepo.

Thamani ya rekodi safi ilidhihirika nchini Marekani. Mwaka 1988, Bernie Krause alirekodi eneo la Lincoln Meadow, California, kabla ya baadhi ya miti kukatwa. Aliporejea mwaka uliofuata, macho hayakuona badiliko kubwa, lakini sauti za ndege zilikuwa zimepungua mno. Bila rekodi ya awali, hasara hiyo isingejulikana.

Kakamega nayo ni masalia ya misitu ya mvua iliyowahi kuungana na ile ya Kongo, na imepungua kwa ukataji miti. Maikrofoni yaweza kubadilishwa kesho. Alfajiri iliyopita haiwezi kurekodiwa tena.