Usingizi hauji? Acha vidonge kwanza

Wakati nasubiri matokeo ya kidato cha nne nilikuwa nakesha nahesabu mabati. Mshkaji akaniambia ninunue Valium. Bora sikununua, maana ile ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na ukiizoea unaweza kushindwa kabisa kulala bila hiyo.

Nilifanya hivi. Kwanza, kuamka saa 12 asubuhi kila siku hata kama nimechelewa kulala, na mchana silali. Usingizi unajikusanya kadiri unavyokaa macho, ukilala mchana unaupunguza. Pili, chai na kahawa mwisho saa 8 mchana, kwani hata masaa 5 baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Tatu, simu nazima saa moja kabla, mwanga wake unaweza kuchelewesha melatonini, homoni ya usingizi. Nne, dakika kama 20 zikipita niko macho tu, natoka kitandani, nakaa kwenye mwanga hafifu mpaka nisinzie.

Jamani si usiku mmoja, mimi ilichukua wiki kadhaa. Tatizo likizidi mwezi, muone daktari. Nyie wenzangu mnafanyaje?