Maji Hayana Weusi

"Mwalimu, niongeze weusi asilimia ngapi ili mchanga uonekane umelowa?" Kila kundi jipya la wanafunzi wa katuni za kompyuta huja na swali hili, na kila kundi tayari limeshapewa jibu huko mitaani: shusha mwangaza nusu, basi. Asilimia hiyo haipo. Haijawahi kuwepo.

Chini ya swali hilo kuna imani kwamba maji hufyonza mwanga. Yatie kwenye bilauri uyatazame: weusi uko wapi? Mwanga mwekundu ukipita kwenye maji ya unene wa milimita moja hupungua kwa chini ya sehemu moja ya elfu. Wa buluu haupungui hata kiasi hicho. Bado huamini? Mwagia mafuta ya kupikia badala ya maji. Mchanga wa kawaida utazidi kukolea, wala mafuta si wino.

Siri iko kwenye punje. Madini ya kwatsi huupinda mwanga kwa kipimo cha 1.54 hivi, maji 1.33, hewa 1.0; mafuta, kwa 1.47 yao, yanakaribiana na kwatsi kuliko maji. Mwanga ukiipiga punje wima hewani, asilimia 4.5 hivi hurudi papo hapo. Izungushie maji punje hiyohiyo, hurudi nusu asilimia tu. Unaobaki hupenya, na kwa kuwa sasa haupindwi sana, husonga mbele, chini zaidi, punje hadi punje. Kwenye punje hizo ndiko ziliko oksidi za chuma, hematiti na wenzake, na hizo ndizo zinazoula mwanga, zikianzia buluu. Safari ikirefuka, ushuru unaongezeka. Tena, pale utando wa maji unapofunika juu, kuna kizuizi ambacho mwanasayansi Anders Ångström alikieleza tangu mwaka 1925: mwanga unaotoka chini ukiufikia uso wa maji kwa mwinamo unaozidi nyuzi 49 kutoka wima, wote hurudishwa mchangani kutozwa upya.

Sasa rudi kwenye ile asilimia ya weusi, yaani kitelezi cha programu kinachoshusha mwangaza. Udongo mwekundu ukilowa, wekundu wake hukolea, maana buluu imetozwa zaidi. Kitelezi hupunguza rangi zote sawasawa, na unachopata ni udongo uliopakwa masizi. Upande wa pili, punje isiyofyonza chochote haina cha kutoza: rundo nene la kwatsi safi kabisa lingebaki karibu jeupe hata likilowa chepechepe. Halafu mtu anataka namba moja itakayofaa mchanga wa matumbawe wa Paje na udongo mwekundu wa Voi!

(Wanaopima unyevu wa ardhi kwa setilaiti wasinijie juu. Najua kwamba kwenye infraredi, karibu na nanomita 1450 na 1940, maji yenyewe hufyonza kwelikweli. Macho yetu hayafiki huko.)

Ufanye nini, basi? Kamera ikiwa karibu hadi punje zinahesabika, fuatilia miale punje kwa punje kwa mbinu ya Monte Carlo, yaani kukokotoa njia nyingi za mwanga kwa kubahatisha, na uiache kompyuta ikeshe. Ikiwa mbali, uchukulie mchanga kama ukungu mzito. Mtafiti Meng na wenzake walionyesha mwaka 2015 namna ya kuhama kutoka njia moja hadi nyingine bila mshono kuonekana. Ukitaka rangi itokane na madini yenyewe, kuna modeli iitwayo SPLITS ya Kimmel na Baranoski wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ya mwaka 2007: unaipa ukubwa wa punje, madini ya chuma, nafasi kati ya punje na kiasi cha maji. Kwa udongo wa Mwezi na Mirihi, tumia modeli ya Hapke ya mwaka 1981. Huna muda? Piga picha mchanga uleule ukiwa mkavu na ukiwa umelowa, chini ya mwanga mmoja, kisha changanya nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa kiwango chake. Mng'ao wa maji uweke tabaka lake peke yake, kwa sababu huo hubeba rangi ya anga, si ya mchanga.