Mirungi: zao halali Meru, kesi ya jinai Same

MTI ni ule ule, majani ni yale yale. Katika milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru nchini Kenya, unaitwa miraa na ndio unaosomesha watoto. Katika milima ya Upare wilayani Same, Mkoa wa Kilimanjaro, unaitwa mirungi, na mkulima akikutwa nao shambani anafikishwa mahakamani kwa kosa la dawa za kulevya.

Zinapozungumzwa dawa za kulevya Afrika Mashariki, wengi hufikiria heroini inayoletwa na majahazi kutoka pwani ya Iran na Pakistan. Ni kweli biashara hiyo ni kubwa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nchini Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Lakini mkulima na mfanyabiashara mdogo hawakutani na jahazi hilo. Wanachokutana nacho ni salfeti la mirungi kwenye bodaboda au chini ya kiti cha basi.

Ili kuielewa biashara hii, anza na jani lenyewe. Kathinoni, kemikali inayompa mtafunaji uchangamfu, hupungua kadiri jani linavyonyauka, na baada ya siku mbili hivi bunda halina thamani. Ndiyo sababu mirungi hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na ndiyo sababu magari yanayoibeba hukimbia kama yanakimbiza mgonjwa. Mvusha magendo wa sukari anaweza kuficha mzigo wiki nzima akisubiri doria ipite. Wa mirungi hana nafasi hiyo. Lazima avuke leo, kwa njia za panya za maeneo ya Namanga, Holili au Tarakea, na polisi nao wanalijua hilo.

Sheria za nchi zetu hazifanani. Kenya iliitambua miraa rasmi kuwa zao la biashara mwaka 2016. Ethiopia inaiuza nje na kupata fedha za kigeni. Tanzania imeipiga marufuku, na sheria ya mwaka 2015 inaiweka katika kundi moja na bangi kama mmea haramu. Uganda ilipitia safari ya ajabu kidogo: Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria yake ya dawa za kulevya kwa sababu akidi ya wabunge haikuthibitishwa siku ilipopitishwa, na Agosti mwaka huo huo Bunge likaipitisha upya.

Wapo wanaosema dawa ni kuhalalisha tu, mkulima wa Same apate anachopata mwenzake wa Meru. Hoja hii ina uzito, lakini mwenzetu wa Meru naye mwulizeni yaliyompata. Uholanzi ilifunga soko lake mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, ingawa baraza la wataalamu linaloishauri serikali yake lilikuwa limependekeza isipigwe marufuku. Machi 2020 Somalia, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilisimamisha ndege za miraa wakati wa korona, na hazikurejea hadi Julai 2022. Zaidi ya miaka miwili! Kahawa ungeweza kuiweka ghalani ukasubiri bei. Miraa uliyochuma asubuhi na ndege isiruke jioni ni chakula cha mbuzi. Uhalali wa zao nyumbani haukumlinda mkulima na uamuzi wa serikali ya nchi nyingine.

Turudi mpakani. Marufuku hupandisha bei kwa mlaji, lakini ongezeko hilo halimfikii mwenye shamba. Linabaki kwa anayebeba hatari ya barabarani, na zaidi kwa anayempa mtaji, ambaye hakai kwenye pikipiki hata siku moja. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: pikipiki ya shilingi milioni 3, na faida ya shilingi 60,000 kwa safari. Kijana anahitaji safari 50 salama kurudisha thamani ya pikipiki peke yake. Akikamatwa safari ya 20, chombo kinaweza kutaifishwa, na kifungo, kutegemea uzito wa mzigo, kinaweza kufika miaka 30 au maisha. Hakuna benki ingekopesha mradi wa namna hiyo.

Kwa upande wa shamba, mamlaka imefanya operesheni za kung'oa na kuteketeza mirungi huko Same. Sina ugomvi na utekelezaji wa sheria. Ninachokiona kama mchumi ni pengo la fedha linalobaki. Mti wa mirungi uliokomaa huchumwa mara nyingi kwa mwaka, hauhitaji dawa nyingi, na mnunuzi hulipa papo hapo. Milima hiyo hiyo inatoa tangawizi nzuri sana, ila tangawizi huchukua miezi tisa au kumi hadi kuvunwa, na ikivunwa na kila mtu kwa pamoja bei huporomoka. Katika miezi hiyo kuna ada za shule na gharama za matibabu. Ukimwambia mkulima apande tangawizi bila mkopo wa kuvukia kipindi hicho na bila mkataba wa mnunuzi, atang'oa mirungi ya barabarani na kuacha ya bondeni.

Kwa sasa, mwenye ardhi aliyekodisha shamba milimani alitembelee mwenyewe, kwa sababu sheria inamgusa pia anayeruhusu ardhi yake itumike kwa kilimo hicho. Mikataba ya mdomo, iliyozoeleka vijijini, haimsaidii mtu mbele ya hakimu. Iandikeni, mtaje zao litakalolimwa, na nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Na ninyi wa vipeto vya mabasi na bodaboda, mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba na mwenyewe hataki ufunguliwe, mrudishieni nauli yake.