WhatsApp: Simu isiyopokelewa iliyofungulia wapelelezi mlango

Mwezi Mei 2019, wahandisi wa WhatsApp waligundua kwamba simu za intaneti zilitumiwa kuingiza Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni NSO ya Israeli. Mtu alipigiwa tu. Hata asipopokea, telefone yake iliweza kuvamiwa. Telefone karibu 1.400 zililengwa, zikiwemo za wandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu.

Tangu 2016, WhatsApp hufunga mazungumzo ili wahusika pekee wayasikie. Lakini ulinzi huo ni wa njiani. Kasoro ilikuwa katika sehemu inayopokea simu, na aliyekwisha kuingia ndani ya telefone husikia maneno kabla hayajafungwa.

Oktoba 2019, WhatsApp iliishitaki NSO huko Marekani. Kiongozi wake, Will Cathcart, alieleza kwamba washambuliaji walitumia seva zilizowahi kuhusishwa na kampuni hiyo. NSO ilikana, ikisema inauzia serikali tu. Desemba 2024, jaji aliamua kwamba NSO ina hatia.

Kwa anayepigia jamaa kutoka Goma ao Bukavu, somo ni moja: kutopokea namba usiyoijua hakukutosha. Dawa ilikuwa katika toleo jipya la programu.