Nakala ya Pekee ya Tarihi ya Kilwa

Kutoka Kilimarondo, wilayani Nachingwea, hadi Kilwa Kisiwani ni safari ndani ya Mkoa mmoja wa Lindi. Lakini mwanafunzi wa Kilimarondo akitaka kukiona kwa macho yake kitabu cha kale kisimuliacho habari za wafalme wa Kilwa, itambidi asafiri hadi London. Huko, katika Maktaba ya Taifa ya Uingereza, imehifadhiwa nakala pekee ijulikanayo ya tarihi hiyo kwa Kiarabu. Namba yake ni Or. 2666.

Wala hiyo iliyoko London si asili. Tarihi yenyewe, iitwayo Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, ilitungwa katika karne ya 16. Nakala iliyopo iliandikwa Unguja mwaka 1877, na Sultani Barghash akampa Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza. Asili imepotea. Mtungaji aliahidi sura kumi, lakini zilizotufikia ni saba tu.

Kwa bahati njema pana shahidi wa pili. Mwaka 1552 Mreno João de Barros alichapisha huko Lisbon kitabu chenye muhtasari wa tarihi ya wafalme wa Kilwa. Mashahidi hawa wawili hawakubaliani katika yote. Maandishi ya Kiarabu husema kwamba watu wa Shirazi walisafiri kwa majahazi saba. Barros husema Ali alitoka Hormuz kwa majahazi mawili. Hata hivyo wote wawili husimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Palipo na nakala moja tu, kosa la mnakili haligunduliki kwa urahisi, na huenda likasomwa kuwa historia.

Kwa nini maandishi ya kale yametufikia machache hivyo? Sehemu ya jibu imo katika karatasi na wino. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, ambayo nyuzi zake ni ndefu na imara. Wanakili wa pwani walitumia sana karatasi zilizoletwa kwa majahazi, nyingine kutoka Italia, zenye alama ya maji, yaani mchoro uonekanao karatasi inapoelekezwa kwenye nuru. Alama hiyo humsaidia mtaalamu kukisia umri wa karatasi hata pasipoandikwa tarehe. Wino wa masizi na gundi ya mti hauli karatasi, ila huoshwa na maji. Wino wa chuma na tanini hushika vizuri zaidi, lakini asidi yake huweza kutoboa ukurasa pale penye herufi.

Jambo la kushangaza ni kwamba karatasi mpya yaweza kufa kabla ya ile ya kale. Tangu katikati ya karne ya 19 viwanda vilianza kutumia miti, pamoja na shabu na ulimbo ili wino usisambae. Mabaki ya asidi hukata minyororo ya selulosi, na joto na unyevu huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana gazeti la mwaka 1947, mpango wa karanga ulipoanza nchini, mara nyingi limekwisha kuwa la rangi ya kahawia na huvunjika likikunjwa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, ukungu nao huota. Mchwa hawangoji hata hayo.

Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alikusanya hati za Kiswahili na za Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Hati nyingine zingali katika masanduku ya majumbani. Mwenye hati ya namna hiyo asiianike juani, wala asiibandike kwa utepe wa gundi, maana gundi hugeuka kuwa doa lisilotoka. Aiweke pakavu, aifunike kwa kitambaa safi cha pamba, na aipige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kurasa zilizo tupu.