Kunyamaza si kuitika

Tuseme kuna likelemba ya jamaa 12 katika kampi moja ya watumishi. Kila mwisho wa mwezi kila jamaa inatoa feza sawasawa, na jamaa moja inabeba yote. Miezi 12 ikipita, kila moja imekula mara moja. Hakuna banki, ni kutumainiana tu.

Mwezi wa tano, mama mmoja anafika na machozi. Mtoto wake ni mgonjwa, lopitalo inaomba feza, na zamu yake ni ya mwezi wa kumi. Prezida anasimama: «Mama iko na mateso. Tumupatie yeye mbele. Bote munaitika?» Watu wanatazama chini. «Hakuna mwenye iko na neno? Basi, imekwisha!»

Lakini njiani maneno yanaanza. Baba mwenye zamu ya mwezi ule alikuwa akingoja feza ile kwa kulipa masomo ya watoto. Mwezi wa sita, jamaa nne hazitoi kitu. Mwezi wa saba likelemba imekufa, na majirani hawasalimiane tena.

Kosa lilikuwa wapi? Si huruma. Kumsaidia mama yule kulikuwa vema. Kosa ni kwamba mkubwa alisema wazo lake kwanza, kisha akahesabu kimya kama ndiyo. Nani atasimama mbele ya mzee na mbele ya machozi, aseme «Miye nakatala»? Kama yule baba angeulizwa, pengine wangeona njia ingine: kugawanya feza ya mwezi wa tano nusu kwa nusu, na mama kumrudishia nusu yake mwezi wa kumi.

Jambo hili ni la zamani. Mishna, kitabu cha sheria za Wayahudi kilichokusanywa karibu mwaka 200, inaeleza kwamba katika kesi ya kifo waamuzi wa kando ndio walianza kutoa wazo, si wakubwa. Walimu walieleza sababu: mdogo asiogope kumpinga mkubwa.

Tusome tena Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Mitume 12 hawakuficha manunguniko. Waliita wanafunzi wote, wakasema ni watu wa namna gani wanaohitajiwa, na kundi lenyewe likachagua watu saba. Angalieni majina yao, tangu Stefano mpaka Nikolao: yote saba ni ya Kigiriki. Inaonekana kama wale waliolia ndio waliotumainiwa kugawanya.

Basi, wakati mnakutana, iwe nyumbani, korali ao kikundi cha mama, fanyeni hivi:

1. Semeni shauri ni nini, kwa maneno machache. Si mashauri matatu mara moja.

2. Kila mtu aseme, mmoja mmoja. Vijana waanze, prezida awe wa mwisho.

3. Ulizeni hasa yule atakayepoteza kitu: «Weye, hii itakufanya nini?»

4. Tafuteni njia mbili ao tatu mbele ya kuchagua. Kama jambo ni zito, laleni kwanza, mrudilie kesho.

5. Sekretere aandike katika kaye: nini kimeamuliwa, nani atafanya, siku gani. Kisha asome mbele ya wote.

6. Wekeni siku ya kuangalia kama imetembea muzuri. Kubadili shauri baya si haya.

Pengine mtasema: «Itakamata saa mingi.» Ndiyo, itakamata saa moja zaidi. Lakini kupatanisha majirani waliogombana juu ya feza kunaweza kukamata mwaka.

Na ninyi wazazi, jioni hii, mezani, ulizeni watoto wazo lao juu ya jambo moja la nyumba. Anzeni na yule mdogo kabisa, mumusikilize mpaka amalize.